Safari za Jumamosi

Kabla hujasikia maneno ya Muslimo pale sokoni, nisikilize mimi kwanza, maana mimi ndiye mama wa msichana mwenyewe. Naitwa Batula. Nauza maziwa ya ngamia hapa Garissa, huu mwaka wa kumi na tisa, na mdomo wangu unajulikana kutoka sokoni hadi darajani. Sijawahi kuogopa askari, dereva wala mteja. Lakini binti yangu Ruweyda, mwalimu wa fizikia, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, alinitia hofu ambayo sikujua kama ipo duniani. Binti huyu huruka kutoka kwenye ndege. Ndege ikiwa juu, tena inakwenda! Na wala hasukumwi na mtu.

Usidhani aliniambia. Thubutu! Alianza akiwa anafundisha kule Pwani, na mimi niko hapa, sijui hili wala lile.

Sisi huku mtoto haendi safari bila dua ya mzazi. Uwe unakwenda Liboi kuchukua bidhaa, uwe unakwenda Wajir harusini, unakuja kwanza unainamisha kichwa, mzazi anakusomea, anakupulizia, ndipo unaondoka. Aliye mbali anapiga simu. Baba yake Ruweyda, Allah amrehemu, alifariki mtoto akiwa darasa la tano, kwa hiyo dua zote zilibaki kwangu. Basi kila Jumamosi asubuhi simu inalia, binti ananiita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali. "Hooyo, nina safari. Niombee." Mimi namwacha mteja amesimama na chupa yake mkononi, nafumba macho, namwombea afike salama na arudi salama. Halafu namgeukia Muslimo, ambaye meza yake iko karibu na yangu, naanza kujigamba. Umemwona binti yangu? Kazi yake inampeleka kila pembe ya nchi, kila wiki safari! Miaka mitatu nilijigamba hivyo. Kumbe safari yenyewe ilikuwa ya dakika tano, kutoka mawinguni kuja chini.

Ukweli niliujulia hospitalini. Jumamosi moja mwaka jana, upepo uligeuka akiwa karibu kutua na parachuti yake, ukambeba ukampigiza kwenye nguzo ya ua. Mbavu tatu zikavunjika, moja ikatoboa pafu la kushoto, na pafu lenyewe likanywea. Nilisafiri siku nzima, nikamkuta amelala na mpira ubavuni. Mpira ule ulikuwa umeingia kwenye chupa yenye maji, na kila akipumua maji yanatoa mapovu. Siku nane nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama yale mapovu. Muuguzi akiniambia nikale, namwambia nimeshakula. Sikuwa nimekula.

Siku ya tatu akanieleza safari zake zilikuwa safari gani. Nilitaka kumpiga kofi, lakini nimpige wapi? Kila mahali bandeji.

"Umeruka mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mia mbili na kumi na mbili, Hooyo."

Nikahesabu Jumamosi za miaka mitatu, hesabu ikakataa. "Mbona dua zangu hazifiki idadi hiyo?"

"Siku nyingine nilikuwa naruka mara mbili. Dua ni ile moja."

"Yaani dua yangu ulikuwa unaigawa nusu nusu!"

Akacheka, mbavu zikamuuma, akalia, akacheka tena. Mimi nikamuuliza, "Na siku ile ulipoanguka?" Hapo akageuzia uso ukutani. Sikumwuliza tena, maana nilijua. Jumamosi ile simu yangu ilikuwa imezima. Stima ilipotea sokoni tangu Ijumaa, na mimi sikujisumbua kutafuta mahali pa kuichaji. Alinipigia mara nne hakunipata, akaruka hivyo hivyo. Jambo hilo nililiweka ndani, sikumwambia mtu, likanila mwaka mzima.

Nilimrudisha Garissa nikamlisha. Maziwa asubuhi, supu ya mbuzi mchana, mafuta ya nundu ya ngamia kabla ya kulala, anakunja uso lakini anameza. Akapata uhamisho, akaanza kufundisha shule ya sekondari ya wasichana hapa hapa mjini. Mimi nikasema alhamdulillahi, mambo ya ndege yamekwisha. Nilijidanganya. Mwaka ulipotimia akaenda Nairobi kupigwa picha ya kifua, akarudi na barua ya daktari. Pafu limepona, halina alama ya kuogopesha, anaweza kupanda ndege na anaweza kuruka. Aliisoma barua ile kwa sauti mbele yangu, tena mara mbili.

"Daktari amesema, Hooyo."

"Daktari hakukuzaa."

Kumbe mipango ilikuwa imeshapangwa. Mkufunzi wake kutoka Pwani, kijana mmoja anaitwa Aweys, angekuja na ndege ndogo kwenye uwanja ulio nje ya mji, ili wasichana wa shule waone kwa macho yao namna hewa inavyopambana na uzito. Ruweyda alikuwa amewachorea ubaoni mishale ya kwenda juu na ya kwenda chini. Alikuwa amewaahidi kwamba yeye mwenyewe atatua mbele yao. Shule nzima ilikuwa inahesabu siku.

Nikamwambia barua ni karatasi, na karatasi huandikwa lolote. Mimi nataka kuliona pafu likifanya kazi. Siku hiyo kaka yangu Kerrow alikuwa mjini, mchunga ngamia, mtu wa kucheka kila kitu. Alikuwa na kiriba kipya cha ngozi ya mbuzi. Wachungaji wetu kabla ya kuhama hupuliza kiriba mpaka kijae, wapate kujua kama kinavuja. Kikiwa kipya ngozi ni ngumu, hata mwanamume mashavu humwuma. Nikamwambia Ruweyda, "Kijaze hiki kwa pumzi zako, ndipo tuongee."

Kerrow akasema ngoja awaonyeshe vijana. Akapuliza, akapuliza, macho yakamtoka, kiriba kikafika nusu naye akakaa chini akishika kichwa. Ruweyda akakipokea. Akakunja miguu mkekani, akaweka mdomo, akaanza taratibu tu, mtu asiye na haraka. Kiriba kikavimba tumbo, kikavimba miguu, kikakaza mpaka Kerrow alipokigonga kwa kidole kikalia ngoma. Hakukohoa hata mara moja.

"Batula," akasema Kerrow, "pafu gani tena unalotaka? Kubali umeshindwa."

"Kiriba chenyewe ni kidogo," nikasema.

Kerrow alicheka mpaka akalala chali. Lakini Ruweyda hakucheka. Alifunga kiriba kwa kamba, akakiweka pembeni, akanitazama.

"Hooyo, mimi sibishani na wewe tena. Siku ile niliruka bila dua yako, na sitarudia kosa hilo. Jumamosi ukiniombea, nitaruka. Usiponiombea, parachuti namrudishia Aweys, na hutanisikia nikitaja ndege tena maisha yangu yote. Nakuapia."

Nasema ukweli wangu, moyo wangu ulifurahi. Niliona nimeshinda bila jasho. Nilitakiwa kunyamaza tu, na mimi, ambaye katika miaka hamsini na tatu sijawahi kunyamaza, nikajiambia safari hii nitaweza.

Jumamosi ikafika. Baada ya chai akaja uani, amevaa suti yake ya kurukia na hijabu ameikaza vizuri shingoni. Akainamisha kichwa mbele yangu. Mimi nilikuwa naosha dumu la maziwa. Nikaendelea kuliosha. Dumu lilikuwa safi tangu jana, lakini nilisugua utadhani limetoka matopeni. Akangoja. Niliona viatu vyake tu, sikuinua macho. Mwisho akanishika mkono wenye povu, akaubusu, akaondoka.

Mimi nikaenda uwanjani nyuma yake. Biashara ni biashara, na wasichana mia tano wakikaa juani lazima watakunywa kitu. Na tena nilitaka kuhakikisha haruki. Tukaweka meza mimi na Muslimo, chai ya maziwa upande huu, suusa upande ule, yale maziwa yetu yaliyochachuka. Hatujakaa sawa, Aweys akaja kunisalimia.

"Shikamoo, mama. Habari za tangu hospitali?"

Watu wa Pwani hao, maneno yao yote yamepakwa asali. Nikamwitikia.

"Mama, leo furaha. Natoka mimi kwanza na parachuti nyekundu, mwenzangu na ya buluu, kisha mwanao wa mwisho, ya manjano. Utamwona."

"Inshallah," nikasema, ile inshallah ya kumwondoa mtu mlangoni. Maskini, hakujua. Ruweyda hakuwa amemwambia neno.

Ndege ikapaa, na Ruweyda ndani yake, nami nikajiambia kiapo chake kimevunjika. Ikazunguka, ikazunguka, ikawa ndogo. Mara doa likatoka, likawa jekundu, wasichana wakapiga mayowe. Likatoka la pili, likawa la buluu. Sasa wote wakasimama, wamekinga macho kwa mikono, wanaita, "Mwalimu! Mwalimu!" Ndege ikapita juu yetu. Ikapita tena. Aweys alikuwa ameshatua, naye ameinua uso, mdomo wazi. Hakuna kilichotoka. Ndege ikainamisha pua, ikaja chini, ikatua mwisho wa uwanja, mlango ukafunguka, na binti yangu akashuka kwa ngazi na mzigo wake mgongoni.

Mayowe yakakatika. Akatembea mpaka mbele ya wanafunzi wake, akachukua kipaza sauti.

"Wasichana wangu, mnisamehe," akasema. "Pafu langu halijapona vizuri. Nilipofika juu nikaona nisijaribu. Kosa ni langu."

Msichana mmoja karibu na meza yangu, mrefu, mwembamba, akavua miwani akaipangusa, akakaa chini mgongo umetugeukia. Nyuma yangu mwanamume mmoja akasema, "Si niliwaambia? Ameogopa huyo." Muslimo akanishika bega. "Pole, abaayo, dada yangu. Kumbe mtoto bado mgonjwa."

Pafu! Pafu lipi? Pafu lililojaza kiriba mpaka kikalia? Nilimtazama pale mbele ya watu, amesimama wima, kipaza sauti mkononi, anajitia ugonjwa asiokuwa nao. Angeweza kusema, mama yangu amenikatalia. Kwetu mtu akisikia mzazi amemnyima mtoto dua, huuliza mtoto amekosa nini, na mzazi ana moyo gani. Alikuwa amenificha; hata ndege aliipanda ili apate kisingizio. Alikubali kuitwa mwoga na mgonjwa mbele ya wanafunzi mia tano ili mama yake, muuza maziwa, asisemwe sokoni. Wallahi, nilisikia aibu ambayo sijaisikia tangu nizaliwe, na nilijichukia.

Nikatoka pale mezani mbio, nikapiga teke dumu la suusa, likamwagika lote, Muslimo akapiga kelele nyuma yangu. Nikafika nikampokonya Ruweyda kipaza sauti. Kikapiga yowe kali, wasichana wa mbele wakaziba masikio, mbuzi waliokuwa kando ya uwanja wakatimua mbio.

"Sikilizeni!" nikasema. "Mimi ni Batula wa maziwa. Pafu la huyu mwalimu wenu ni zima. Juzi limejaza kiriba kilichomshinda kaka yangu Kerrow. Muulizeni, yule pale, anajificha nyuma ya mtu mnene."

Watu wakaangua kicheko. Kerrow akainua mkono, akaitikia, "Kweli tupu!"

"Hooyo, lete hicho kitu," Ruweyda akaninong'oneza.

"Nyamaza. Wasichana, hamkuambiwa kwa nini hakuruka, kwa sababu hawezi kunisema mimi. Aliniomba dua asubuhi, nikamnyima. Nikajifanya naosha dumu. Siku aliyoanguka alinipigia simu, simu yangu ilikuwa imezima. Mwaka mzima najiambia, ningemwombea asingeanguka. Na leo nikaogopa kitu kingine." Nikakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Niliogopa nikimwombea, halafu aanguke na dua yangu iko juu yake. Nitabaki na nini basi? Nitamwombea nani na mdomo huu? Ndiyo maana nilinyamaza. Mgonjwa ni mimi, si yeye. Nimemaliza."

Injini ya ndege ilisikika ikipoa, tik, tik. Nilidhani watanizomea. Yule msichana wa miwani akaanza kupiga makofi, peke yake, kisha jirani yake, kisha wote. Ruweyda alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Nilipomtoa mikono nikakuta analia na anacheka, vyote pamoja, kamasi hadi kidevuni.

"Inama," nikamwambia. "Sina siku nzima. Suusa yangu imemwagika."

Akavua helmeti, akainama. Nikaweka mkono kichwani, nikamsomea Fatiha, nikamwombea kwa Kiswahili, kwa Kisomali na kwa Kiarabu kile ninachokijua, kusudi pasiwe na upande uliosahaulika. Nikampulizia kichwani. Kisha nikaweka mkono ubavuni kushoto, pale palipokuwa na mpira, nikapuliza pale pia, kwa nguvu zangu zote. Wasichana mia tano wakaitikia amina. Aweys alikuwa amegeuka upande, anajifuta macho, anasema vumbi la huku ni kali. Hapakuwa na vumbi lolote.

"Mama," akaniuliza, "sasa mwanafunzi wangu huyu aruke?"

"Si wako, ni wangu. Aruke."

Ndege ikapaa mara ya pili, na ndani yake Ruweyda peke yake na rubani. Mimi nikasimama katikati ya uwanja, nimemshika Muslimo mkono mmoja na Kerrow mkono wa pili. Nilipoona ndege imeanza kuzunguka, nikafumba macho. Niliyakaza mpaka yakauma.

Basi yote niliyasikia kwa masikio. Injini ikapungua. Muslimo akaniminya vidole. Kerrow, ambaye hajawahi kuacha mzaha, akaanza kusema ya Rabi, ya Rabi, ya Rabi. Kisha wanafunzi wote mia tano wakavuta pumzi kwa pamoja, na wakaishikilia, nami nikaishikilia yangu. Sijui ilikuwa muda gani. Nilimwona baba yake Ruweyda, nikaona yale mapovu ya hospitali, nikaona kila kitu isipokuwa mbingu. Halafu juu kabisa kukasikika mlio, pah!, kama mtu anakung'uta blanketi, na uwanja mzima ukalipuka.

"Manjano!" Muslimo akapiga kelele masikioni mwangu. "Batula, manjano! Imefunguka! Anageuka huyo! Ona anavyogeuka!"

"Kerrow, upepo je?" nikauliza.

"Upepo ni mzuri. Anakuja ameuelekea, taratibu. Anakuja. Anakuja, dada. Miguu... ameteremka! Amesimama! Hata hakupiga goti!"

Nikasikia miguu ya wanafunzi inanipita mbio, mamia ya miguu, vumbi likanijaa puani. Nikasikia wanaimba jina lake. Nikasikia mtu anasema mnipishe, mnipishe, yuko wapi Hooyo, na sauti hiyo ilikuwa inahema, inavuta hewa nyingi ndani na kuitoa yote, bila kukwama popote. Mikono ikanikumbatia shingoni, na helmeti ikanigonga kipaji cha uso.

"Hooyo! Umeniona? Umeniona nilivyogeuka kule juu?"

Nikafumbua macho. Alikuwa mwekundu kwa jua na vumbi, meno yote nje, shuka lake la manjano amelikumbatia kifuani nusu yake inaburuta. Ningeweza kumdanganya. Kerrow na Muslimo wangenitetea.

"Sikuona kitu," nikamwambia. "Nilifumba macho tangu mwanzo hadi mwisho."

"Hooyo!"

"Usinipigie kelele. Kunja hilo shuka lako upesi urudi juu. Mara hii nitaangalia."